Meli Iliganda, Bahari Haikuganda

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Ruiru ananiuliza kama kulikuwa na baridi. Kulikuwa na baridi. Lakini si hiyo iliyonipeleka, wala sikwenda kutafuta kazi nikakosa, wala kuolewa na mvuvi kama alivyosema mmoja wenu kwenye grupu. Nimechoka kusimulia vipande vipande kwenye foleni ya maji na nje ya kanisa, kwa hiyo naandika yote mara moja. Habari za viza na tiketi naziruka. Aliyewahi kuzifuata anazijua, na ambaye hajawahi, mwacheni aendelee kufurahia maisha.

Gatuanyaga: mstari mtupu

Guka wangu, yaani babu, Kimani, namkumbuka kwa mambo mawili: koti zito alilovaa hata Januari, na sikio la kushoto lililokosa ncha. Alifariki nikiwa mdogo. Mengine yote niliyapata kwa Cucu, mkewe, ambaye nimeitwa Wairimu kwa jina lake na ambaye bado anaishi kule Gatuanyaga na mbuzi wake.

Habari yenyewe ni hii. Wakati wa vita vya Hitler, Guka alikuwa kijana. Aliteremka Mombasa kutafuta kazi bandarini, akapotea miaka kadhaa. Aliporudi alisema alichukuliwa kuwa mchochea makaa kwenye meli ya mizigo. Meli ikaenda Uingereza, kisha ikapanda kaskazini pamoja na meli nyingine nyingi, zikilindwa na manowari, kuwapelekea Warusi malori na chakula. Alisema huko jua halikuchomoza kabisa. Alisema bahari ilitoa moshi kama sufuria ya uji, na chuma kiling'ata mikono. Alisema meli iliyokuwa mbele yao ilipigwa, ikawaka, watu wakaruka majini, na meli yake ikapita tu bila kusimama kwa sababu amri ilikuwa hakuna kusimama.

Hayo watu wangeweza kuyameza. Kilichomharibia jina ni jambo moja. Alisema meli iliganda lakini bahari haikuganda. Mawimbi yalirukia sitahani, yakageuka barafu kwenye kamba, kwenye mizinga, kwenye vyuma vyote, mpaka meli ikawa nzito kichwani, karibu kupinduka. Ndipo kila mtu, hata wachochea makaa wa chini, alipandishwa juu kwa zamu kupiga barafu kwa nyundo za mbao na mashoka. Na chini yao, maji yalikuwa maji.

Gatuanyaga ilicheka. Maji ya kugandisha chuma, yenyewe yabaki hivyo hivyo? Wakampa jina la Barafu. Ndugu yake mdogo alikuwa na maelezo mengine: Kimani hakuondoka Mombasa, alifungwa jela huko, na sikio alikatiwa na mahabusu mwenzake. Maelezo hayo yalikuwa mafupi na hayakuhitaji Warusi. Nikiwa mtu niliyesoma fizikia chuo kikuu, napenda maelezo mafupi. Niliamini ile ya jela, ingawa sikuwahi kumwambia Cucu.

Mwaka jana familia ilikubaliana kuondoa msalaba wa mbao na kuweka jiwe. Fundi kutoka Thika akaja kupima. Cucu akamwambia aandike jina, na chini ya jina aache mstari mtupu. Alitaka mstari huo useme Baharia wa Vita. Anko Gitau, mtoto wa yule ndugu wa Guka, ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi, na hakutaka.

"Maitu, jiwe si mahali pa hadithi," alimwambia, akimwita mama. "Watoto watasoma. Watauliza."

"Waulize. Kwani kuuliza ni vibaya?"

"Watauliza sisi tuna nini ya kuonyesha. Tuna sikio?"

"Basi aende mtu akaone," Cucu akasema.

"Aende wapi?"

"Huko kwenye barafu. Binamu yake Muthoni si yuko huko? Aende Wairimu."

Nilikuwa napakua githeri. Nikasema, "Cucu, mbona mimi?"

"Kwa sababu huamini."

"Mimi naamini, Cucu."

"Wacha. Umenidanganya vizuri tangu ukiwa mdogo, na nimekushukuru. Lakini hawa wanaonipenda sana nikiwatuma watarudi na kile nataka kusikia. Wewe utarudi na kile kiko. Kama alikuwa jela, tutaandika jina peke yake, na nitakufa nikijua nililala na nani miaka hiyo yote."

Hakuna aliyecheka. Anko Gitau alitazama sahani yake. "Sawa," akasema. "Wairimu akisema iko, iko. Akisema hakuna, mstari ubaki hivyo."

Sasa lazima niwaambie jambo moja la boma letu, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Mtu hatoki kwetu bila kukaguliwa uso. Guka ndiye aliyeanza, Cucu akaendelea. Anakushika kidevu, anatazama pua kwanza, kisha shavu hili na hili, kisha masikio. Anatafuta ngozi ya kijivu, ile tunayoiita majivu. Akimaliza anakuwekea kiganja usoni na kukiacha hapo kidogo, bila kusugua. Sisi watoto tuliamini ni ukaguzi wa usafi, kwa hiyo tulijipaka mafuta mpaka tukang'aa. Majirani walitujua kwa kung'aa. Kile kiganja cha mwisho tulikielewa kuwa baraka, na tulijibu "Amina." Hata mchungaji akija kututembelea huinamisha kichwa, apokee kiganja, aseme amina, aondoke.

Macho ya Cucu yamefifia siku hizi, kwa hiyo anakagua kwa vidole. Siku ya kuondoka alinipapasa pua, mashavu, masikio. "Hakuna majivu," akasema. Kiganja kikakaa. Nikasema amina, nikashuka Ruiru kufunga begi.

Kutoka Ruiru hadi Oslo: uji mashakani

Muthoni ni binti wa shangazi yangu, amekulia Murera, na anafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika mji wa Tromsø, kaskazini kabisa ya Norwe. Alinitumia ujumbe mmoja tu wa maandalizi: usisahau unga wa wimbi, ule ulezi wa uji. Nikabeba mifuko mitatu.

Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaondoka bila sisi, tukalala kwenye viti vya uwanja ambao sitautaja. Jirani yangu alikuwa mtu wa Busia anayeendesha malori Poland. Alinigawia chapati zilizokuwa zimefungwa kwenye gazeti. Nilipomwambia naenda kuhakikisha kama babu yangu alipigana vita kwenye barafu, alitafuna kwa muda.

"Na ukikuta ni uongo?"

"Nitasema ni uongo."

"Kwa nyanya yako? Huyo mwenye macho mabaya?"

"Ndivyo alivyotaka."

"Nyinyi watu wa Thika," akasema, akanipa chapati nyingine.

Oslo, ofisa wa forodha alifungua begi na kukuta unga wa kahawia kwenye mifuko isiyo na maandishi. Aliuinua mmoja kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Uji."

Alinusa. "Si uji. Ni poda."

"Ukiweka maji moto unakuwa uji. Tunawapa watoto."

"Una mtoto?"

"Sina."

Nikaona uso wake ukibadilika, nikajua nimejibu vibaya. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mama mmoja mwenye miwani. Yule mama alichovya kidole akaonja. Akasema kitu kwa lugha yao, wote wakanitazama kwa huruma, wakanifungia begi. Mpaka leo sijui alisema nini. Nadhani alisema hakuna mtu angelipia kitu chenye ladha hiyo.

Tromsø: dirishani kwa Muthoni

"Niaje, mbishi," Muthoni alinipokea. "Umebeba wimbi?"

Ilikuwa saa sita mchana na taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Upande wa kusini kulikuwa na mstari mwekundu juu ya milima, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Kisha ukafungwa. Jua lenyewe halikutokea. Hilo Guka alilisema, na mimi nililijua kutoka vitabuni, kwa hiyo halikuhesabika.

Meli ya pwani niliyopaswa kupanda ilizuiwa na upepo, nikakaa kwa Muthoni siku kadhaa. Nilijifunza kwamba hapo ukimsalimia mtu usiyemjua barabarani anasimama akingoja umwombe kitu. Nilimsalimia mzee mmoja, "habari ya asubuhi," kwa Kiingereza chenye heshima, akanipeleka mpaka kituo cha basi na kunionyesha ratiba. Sikuwa naenda popote. Ilibidi nipande basi ili nisimvunje moyo.

Chakula: kuna jibini la kahawia ambalo nililidhania sabuni ya kipande, na hata baada ya kula bado sijafuta wazo hilo. Samaki wa kukaushwa ni mgumu kama fito. Samaki wa kuchemsha ni mtamu sana, ila wanampa viazi vitupu kama mgonjwa. Nilimpikia Muthoni uji, akanywa amefumba macho.

Ni pale kwenye dirisha lake, linalotazama bahari, nilipopata mshtuko wa kwanza. Nilikuwa natafuta barafu. Milima ilikuwa myeupe, magari yalikuwa yamefunikwa, paa zilikuwa na meno ya barafu marefu kama mkono. Maji yalikuwa meusi na yanatembea.

"Bahari inaganda mwezi gani?" nikamuuliza.

"Hii? Haigandi."

"Baridi yote hii?"

"Kuna mkondo wa maji ya vuguvugu unatoka huko kusini, unapita pwani yote mpaka kwa Warusi. Bandari zinafanya kazi mwaka mzima. Kwani hukusoma?"

Nilisoma. Nilijua kwamba chumvi hushusha kiwango cha kuganda. Mkondo niliuona kwenye ramani ya shule, mshale mwekundu. Sikuwahi kuuweka mshale huo kwenye mdomo wa Guka. Ningekuwa mimi ni mwongo na ninatunga habari ya barafu kwa watu wa Gatuanyaga, ningesema bahari iligeuka jiwe na tukatembea juu yake, na wangeniamini. Yeye alisema jambo ambalo lilimfanya achekwe maisha yake yote, na jambo lenyewe lilikuwa hapo chini ya dirisha.

Muthoni akanitazama. "Kwa hivyo umeamini."

"Hapana. Angeweza kuambiwa na baharia yeyote kwenye baa ya Mombasa."

"Wewe hata Guka mwenyewe akiingia hapo mlangoni utamuuliza kitambulisho."

"Nitamuuliza."

Meli ya pwani: upande gani

Upepo ulipotulia nilipanda meli hadi Honningsvåg, mji mdogo karibu na ncha ya juu ya bara la Ulaya, uliokaribia zaidi bahari aliyoisimulia Guka. Tulipita kati ya visiwa, na kwenye mgahawa wa meli nilikaa meza moja na Aksel, mwalimu mstaafu wa huko huko, aliyezaliwa baada ya vita. Alinifafanulia kile ambacho Guka hakuweza kukijua akiwa chini kwenye tanuri.

Pwani hii yote ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, alisema. Ndani ya ghuba hizi zenye milima mirefu walificha manowari kubwa na nyambizi, na juu walikuwa na viwanja vya ndege. Misafara ya kwenda kwa Warusi ililazimika kupita kaskazini, mbali na pwani iwezekanavyo. Lakini kule juu zaidi bahari huganda kweli, na wakati wa baridi ukingo wa barafu hushuka kusini na kuzisukuma meli karibu na adui. Kiangazi nafasi ilikuwa kubwa, lakini mwanga haukwisha na ndege ziliwaona saa zote. Wakati wa baridi giza liliwaficha, ila dhoruba na barafu viliwabana.

"Kwa hiyo hakukuwa na wakati mzuri," nikasema.

"Hakukuwa." Akachovya mkate kwenye mchuzi. "Babu yako alikuwa upande gani?"

Sikuwa nimetarajia swali hilo. Kwetu halijawahi kuulizwa. Tulibishana kama alikuwa huko, hatukubishana alikuwa wa nani.

"Meli ilikuwa ya Waingereza."

"Nimeuliza yeye."

"Yeye alikuwa anatafuta kazi. Waingereza walikuwa wamechukua ardhi ya babake. Kisha wakahitaji mtu wa makaa."

Aksel akasogeza sahani yake ya samaki katikati ya meza, kwangu, kama mtu anayelipa kitu ambacho hakukivunja yeye. Nikala. Baadaye, tulipokaribia mji, aliniambia Wajerumani waliuteketeza wote walipokuwa wanarudi nyuma, nyumba kwa nyumba, na kanisa peke yake ndilo lililobaki limesimama. Watu waliorudi walilala ndani yake na kuoka mikate humo. Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi.

Aliposhuka alinipa jina la mpwa wake, Turid, mwenye mashua ya kuvua chewa. "Mwambie nimesema akutoe nje," akasema. "Lakini fanya atakachokuambia. Hapendi mabishano akiwa kazini."

Nikamwambia nitajitahidi.

Nje ya ghuba

Turid ana miaka hamsini hivi, mabega mapana, maneno machache. Alinipa suti nzito ya rangi ya chungwa iliyonuka samaki na dizeli, akatazama jinsi nilivyofunga skafu, akaifungua, akaifunga upya. Nilibeba thermosi ya uji. Tuliondoka karibu na saa tano, anga likiwa la bluu iliyokolea, na upepo ukitoka bara.

Tulipopita mlango wa ghuba nikaona moshi. Ulikuwa unainuka juu ya maji yote, mpaka usawa wa kiuno cha mashua, unakimbia na upepo. Nilidhani kuna kitu kinaungua. Turid akasema ni bahari tu: hewa ni baridi sana kuliko maji, kwa hiyo maji yanafuka. Ndivyo sufuria ya uji inavyofanya asubuhi ya Julai, na kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu mawimbi yakaanza kuturukia. Tone likipiga chuma lilikuwa bado maji, lilipoteleza chini lilikuwa kioo. Safu ya kwanza sikuiona. Ya tatu au ya nne niliiona: waya wa unene wa kidole ulikuwa umekuwa unene wa mkono. Mashua ilianza kuinama na kuchelewa kuinuka, kama mlevi anayefikiria kwanza. Turid alipunguza mwendo, akafungua kisanduku, akanipa nyundo kubwa ya mbao.

"Piga vyuma vyote vya upande huo. Usipige dirisha langu."

Nikapiga. Barafu ilipasuka vipande, nikavisukuma baharini kwa mguu, nikahamia kingine, na nilipogeuka kile cha kwanza kilikuwa kimeanza kuota tena. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilikuwa natoka jasho ndani ya suti, napiga kwa mpigo mmoja, na nilihisi ningeweza kuendelea mpaka kwa Warusi. Baridi mnayoniuliza ilikuwa hapo, lakini ilifika kama moto, kisha ikaacha kuuma kabisa. Nilidhani nimeizoea.

Turid alifunga usukani, akanijia kwa hatua za haraka. Aliivuta skafu yangu chini, akanishika kidevu. Akatazama pua. Akatazama shavu hili, na hili. Akainua kofia akatazama masikio. Kisha akarudi kwenye pua, akakunja uso.

"Hapa umekuwa wa kijivu," akasema. "Kama majivu. Sijawahi kuona kwa mtu wa rangi yako, lakini nadhani ndiyo hii."

Akavua glavu yake kwa meno, akaniwekea kiganja usoni, akakiacha hapo bila kusugua.

"Amina," nikasema.

"Umesema nini?"

Aliponiona machozi alidhani ni maumivu ya damu kurudi, na kweli yalikuwepo, yalikuja kama sindano. Alinisukuma ndani ya kibanda cha usukani, akageuza mashua tukitazama nchi kavu.

"Kwa nini umeanza na pua?" nikamuuliza nilipoweza.

"Pua huenda kwanza. Kisha mashavu, kisha masikio."

"Na kwa nini hukusugua?"

"Ukisugua unararua ngozi. Unaipa joto lako, unangoja."

"Nani alikufundisha?"

Alinitazama kama nimeuliza nani alimfundisha kutembea. "Baba. Yeye alifundishwa na wenzake. Kwenye kazi ya barafu mnapangwa wawili wawili, kila mmoja anatunza uso wa mwingine. Pua yako huwezi kuiona mwenyewe, na ikishaganda haikuambii."

Nilimimina uji vikombe viwili. Turid alionja, akafikiri, akasema una ladha ya udongo lakini unakaa tumboni. Akaomba mwingine. Nami nikakaa pale nikifanya kazi ambayo Cucu alinituma kuifanya, yaani kushuku.

Moshi wa bahari mtu anaweza kusimuliwa. Meli kuganda, anaweza kusimuliwa. Sikio linaweza kukatwa jela. Lakini mtu hatoki kwenye joto la jela ya Mombasa akiwa na mazoea ya kumtazama mkewe pua kila asubuhi kabla hajaenda kuchota maji. Hadithi ya baa huja na milipuko na mizinga. Haiji na mpangilio wa kukagua uso, pua, mashavu, masikio, wala na onyo la kutosugua. Na kuna lile la kijivu. Turid alizoea kutafuta weupe, kwa sababu nyuso za wenzake ndivyo zinavyokuwa. Guka alitafuta majivu. Baharia mzungu hangeweza kumpa neno hilo. Alilipata kwa kutazama, karibu sana, zamu baada ya zamu, uso wa mtu mweusi aliyekuwa anaganda. Huyo mwenzake alikuwa nani sijui. Cucu anakumbuka tu kwamba usingizini Guka alikuwa akimwita Farah, jina la mwanamume wa Kisomali.

Sisi tulijipaka mafuta.

Gatuanyaga tena

Njia ya kurudi haikuwa na jambo, ila Muthoni alilia uwanjani akasema ni baridi, na Oslo nilipishana na yule ofisa wa forodha, hakunikumbuka. Nilifika Ruiru nikalala, kesho yake nikapanda bodaboda kutoka Thika na vumbi likanijaa mpaka kwenye meno. Nililifurahia.

Cucu alikuwa kwenye kiti chake nje. Anko Gitau alikuja na pikipiki yake, bado amevaa kofia ya kujikinga, kama mtu asiyekusudia kukaa.

"Sema," Cucu akaniambia.

"Meli yake sijaipata, hata jina. Watu wa makaa wengi waliandikwa kwa jina moja, au jina ambalo si lao. Kama alifika kwa Warusi, sijui. Kama meli ya mbele iliwaka, sijui."

Anko Gitau akapumua. Cucu hakusogea.

"Lakini hakuwa jela, Cucu. Alikuwa kwenye meli, kwenye barafu, na watu wengine weusi. Hilo najua."

Nikawaeleza yote, kutoka dirisha la Muthoni mpaka glavu iliyovuliwa kwa meno. Cucu alisikiliza, vidole vyake vikiwa vimetulia mapajani. Nilipofika kwenye pua kwanza, vidole vikaanza kujigusa kimoja kimoja.

"Kwa hiyo haikuwa baraka," akasema.

"Sijui, Cucu. Ilikuwa kazi."

"Alikuwa akinitazama kama nimeganda." Akainua uso juani. "Hapa, na jua hili."

"Wairimu," Anko Gitau akasema, "umeenda mpaka mwisho wa dunia ukarudi na mkono. Mkono. Nikimwonyesha mtu nitamwonyesha nini?"

"Si lazima uonyeshe mtu, Anko. Ulisema nikisema iko, iko."

"Nilisema ukiiona."

"Nimeiona."

"Umeona mama mmoja mvuvi akikushika pua."

Tulibishana hivyo mpaka chai ikapoa. Hatukufika popote. Mwishowe akainuka, akasema maji yake yanangoja kupelekwa, kwa sababu anauza maji kwa tangi kule kote. Alimwinamia Cucu, Cucu akampapasa uso, akamwachilia. Kisha akanigeukia kuniaga. Lazima mjue kwamba babake alipokuwa mgonjwa, Anko Gitau alilelewa kwa Guka, akakamua ng'ombe naye alfajiri zote za utoto wake.

Akanishika kidevu. Akatazama pua.

Vidole vyake vilisimama hapo. Kwenye ncha ya pua yangu ngozi ilikuwa imebanduka kidogo, ikaacha alama ya kijivu ambayo bado ninayo.

"Hii ni nini?"

"Ndipo hapo palipoganda," nikasema.

Alitazama muda mrefu. Hakuendelea kwenye mashavu. Aliinua kiganja chake, kikavu, kimepasuka kwa mabomba na jua, akaniwekea juu ya ile alama, na akakiacha hapo bila kusugua. Hakuna aliyesema amina.

Kisha alitoa simu mfukoni akampigia fundi wa Thika. Alimwambia ule mstari ujazwe. Fundi akauliza, na Anko Gitau akaondoa simu sikioni na kunitazama mimi.

"Baharia," nikasema. "Hilo naweza kulisimamia mbele ya mtu yeyote. La vita siwezi. Hatujui kama yeye angeviita vita vyake."

Anko Gitau alimtazama Cucu. Cucu akatikisa kichwa kukubali.

"Baharia," Anko Gitau akamwambia fundi. "Ndiyo. Neno moja tu."

"Mwambie achimbe herufi ziingie ndani kabisa," Cucu akasema. "Nitazisoma kwa vidole."